Kwa nini jioni ya joto nyumba nzima inahamia nje?

Umeshajiuliza kwa nini watu wa Pwani ikifika jioni hawakai ndani? Makochi yapo, tivi ipo, lakini magharibi ikishaswaliwa mkeka unatolewa nje, na ukipita mtaani unaitikia salamu kila kibaraza mpaka ufike kwako. Wengi wanasema ni mazoea tu. Mi nasema joto ndo limetufundisha, na ukishalielewa hilo joto unajua na namna ya kuikalisha familia pamoja hata msimu wa kaskazi, ile Disemba mpaka Machi ambayo hata shati linakuwa mzigo.

Shida inaanzia ukutani. Tofali la saruji linapigwa jua mchana kutwa, linanywa joto pole pole, halafu jua likizama linaanza kulitema, na linalitema huko huko ndani ulikokaa. Bati ni jembamba, linawaka haraka na linapoa haraka, ila ukuta una kinyongo, saa mbili usiku bado wa moto wakati nje hewa ilishapoa zamani.

Sasa waongeze watu. Mtu mzima akiwa amekaa tu ametulia mwili wake unatoa joto la kama wati 100, yani sawa na ile balbu ya zamani ya kioo, kwa hiyo mkijaa sita sebuleni ni balbu sita zinawaka na hakuna swichi ya kuzizima. Nchi za baridi hiyo ni neema kabisa, watu wanafunga madirisha wanabanana na chumba kinapata joto. Kwetu kubanana hivyo ni mateso, watoto wanaanza kugombana, kila mtu anatafuta kona yake na feni yake. Halafu kuna jasho: linampoza mtu pale linapokauka, na hewa ya Pwani imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki, linatiririka tu, mpaka upite upepo ulichukue. Ndo maana tunasema tunaenda kupunga upepo, na kweli upepo ndo unaofanya kazi yote pale.

Wazee waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu walilijua hili vizuri sana. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi ili joto lichelewe kupenya, vichochoro vyembamba ili jua lisipate nafasi, na nje mlangoni wakajenga baraza za mawe zilizoungana na nyumba yenyewe. Hapo ndo panaponywewa kahawa chungu na kashata, panapopigwa bao, panaposuluhishwa ugomvi wa majirani, na neno lenyewe likapanda cheo mpaka leo tunaye waziri kwenye Baraza la Mawaziri. Mimi naumia nikiona nyumba mpya imejengwa ukuta mrefu na geti kubwa halafu hakuna hata sehemu ya kukalia nje, kila chumba kina AC na kila mtu amejifungia kwake.

Kwa bibi yangu Tanga kazi ilikuwa inaanza saa kumi na moja. Anachota maji ya ndoo ananyunyiza uani kwa kiganja, siyo kumwaga, ananyunyiza, vumbi linalala na yale maji yakikauka yanaondoka na joto la ardhi. Kisha anachoma majani ya mwarobaini kidogo pembeni kwa ajili ya mbu, anatandika mkeka wa ukindu katikati ya ua, mbali na ukuta. Mtungi wa udongo uko pale pale na kata juu yake, maji yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo yanakauka kwa nje, na yaliyobaki ndani yanakuwa baridi, baridi tamu isiyoumiza meno. Hakuna aliyekuwa anatuita. Mmoja anakuja kunywa maji anakaa, mwingine analeta mchicha wa kuchambua, baba anavuta kigoda, stori zinaanza, mara mtoto kashalalia paja la shangazi.

Tukianza kusinzia bibi anasimama, anaenda mpaka mlangoni anabandika kiganja ukutani. Ukiwa bado wa moto anarudi mkekani anatuongezea kanga. Ukiwa umepoa anasema haya wanangu, ndani.