Je, wajua kwa nini mtoto humkwepa mzazi aliyerudi kutoka ughaibuni?

Familia nyingi zinaijua siku hii. Mama amerudi baada ya miaka ya kazi nje ya nchi, anamfungulia mwanawe mikono, na mtoto anakimbilia nyuma ya bibi. "Mbona humsalimii mama yako?" Mtoto hata haangalii. Wapo watakaosema hana shukrani, au amesahau.

Kwa aliyeachwa akiwa mchanga, kusahau kupo kweli: kumbukumbu za umri huo hazidumu, na anayerudi ni mgeni. Lakini aliyeachwa akiwa na miaka miwili au mitatu huwa na jambo jingine.

Jambo hilo lilielezwa kwanza hospitalini. Mwishoni mwa miaka ya 1940, James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, aliwachunguza watoto wadogo waliolazwa Uingereza, enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kuwaona kwa nadra. Yeye na daktari John Bowlby walieleza hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kuita, macho mlangoni. Kisha hukata tamaa: hunyamaza, hujikunyata, hataki kucheza. Utengano ukirefuka, huchangamka tena, hucheka na yeyote, na mama akija humpita kama hamjui. Wauguzi walisema ametulia. Robertson aliona mtoto aliyejikinga: kumtamani mtu asiyekuja kunauma mno, basi anaacha kumtamani. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku 8, na madaktari wengi waliipinga kwa hasira.

Ndiyo maana mzazi akiambiwa kwenye simu kwamba mtoto "ameshazoea, halii tena", asiharakishe kufurahi. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 111, nyingi za China, kuhusu watoto ambao wazazi wao walihama kikazi. Hatari ya sonona kwao ilikuwa kubwa zaidi kwa takriban nusu kuliko kwa wenzao.

Hata hivyo, anayebaki na mtoto hubadilisha mengi. Robertson na mkewe Joyce baadaye waliwapokea nyumbani kwao watoto wadogo wanne, mmoja baada ya mwingine, wakati mama zao wako hospitalini. Waliwalea kwa karibu, wakawazungumzia mama zao na kuwaonyesha picha. Watoto walihangaika, lakini hawakuvunjika kama wale wa wodini.

Hapa ndipo marejeo mengi yanapoharibika. Ikiwa bibi amelea kwa miaka, kwa mtoto yeye ndiye mama. Mzazi akimchukua wiki ileile na kuhamia naye kwingine, kwa mtoto hiyo si siku ya kuunganishwa bali msiba wa pili, na mara hii hata wa kumwambia pole hayupo, kwa kuwa wote wanashangilia. Naona ni ukatili, ingawa hufanywa kwa upendo. Bibi abaki karibu kwa miezi. Mzazi akae chumba kimoja na mtoto, amwache aje mwenyewe, asimlazimishe kukumbatiana.

Mtoto akianza kusogea, mara nyingi hasira huja pamoja naye. Humpiga mama, kisha humng'ang'ania. Mama akitoka kidogo tu, kilio. Ndugu husema amedekezwa. Kumbe ameanza tena kuogopa kumpoteza, hofu aliyokuwa ameizima. Aambiwe mama anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, na saa hiyo mama awe amerudi.