Unjano wa rameni si lazima uwe wa mayai

Katika filamu za mgeni anayekwenda Tokyo kujifunza kupika rameni, ile supu ya tambi ya Kijapani, jicho huvutwa na tambi zenyewe: za njano, zinazonesa. Wengi huamini ni mayai. Inaeleweka, kwani juu ya bakuli mara nyingi hulazwa nusu yai.

Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na kansui, maji yenye kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu. Ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage, ila huku hayalainishi, yanakaza! Hukaza gluteni, protini inayoshikanisha unga wa ngano, tambi zisilegee upesi kwenye mchuzi wa moto, na huufanya unga uwe wa njano. Wapo wanaoongeza mayai, lakini si lazima.

Jaribu jikoni: chemsha spageti katika sufuria mbili, moja uitie kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa lita ya maji. Punguza moto, povu hupanda ghafla. Linganisha rangi, kisha nusa. Ukinunua rameni za pakiti, soma viambato: E500 na E501 ndizo kaboneti hizo, na yai likiwemo litatajwa.