Kiolesura cha umma cha maktaba ya msimbo, na alama zake

Dukani Goma bei husomwa kwa dola, mteja akalipa kwa faranga. Tuseme kuna maktaba ya msimbo wa TypeScript (lugha ya programu inayogeuzwa kuwa JavaScript) ya hesabu hiyo. Fanksheni `badilishaBei` hupokea dola na kiwango cha siku. Ndani yake huita `kadiriaMia`, inayosogeza jibu hadi mia iliyo karibu.

Kiolesura cha umma ni yale ambayo mwandishi ameahidi kutoyavunja kimyakimya. `badilishaBei` imo. `kadiriaMia` ni ya jikoni, ila ikikaa katika faili lake lazima iwekewe `export` ili faili jirani liione, na hapo mgeni naye anaweza kuifikia. Ndiyo maana ahadi huandikwa katika maelezo yaliyo juu ya fanksheni, ya kwanza kwa `badilishaBei`, ya pili kwa `kadiriaMia`:

`/** Hubadili dola kuwa faranga. @public */`
`/** @internal */`

Nyota ziwe mbili mwanzoni. Ikiwa moja, hayo ni maelezo ya kawaida na zana za nyaraka huyaruka. Kisichokuwa na alama, `@public` (cha umma) au `@internal` (cha ndani), watu hukihesabu kuwa cha umma, basi usiache kitu wazi.

Alama peke yake haifungi mlango. Ukiwasha `stripInternal`, TypeScript huondoa vyenye `@internal` katika mafaili ya `.d.ts`, yanayomtangazia mtumiaji majina na aina za maktaba, lakini fanksheni yenyewe hubaki katika JavaScript na mkaidi ataiita tu. Tena kompaila haihakikishi kwamba kilichobaki kimekamilika. `badilishaBei` ikirudisha aina `Chenji` uliyoitia `@internal`, kwako kila kitu kitapita. Kwa mtumiaji jina `Chenji` halipo, na ujenzi wake unakwama. Akiwa amewasha `skipLibCheck`, inayoruka ukaguzi wa mafaili hayo ya `.d.ts`, ni vibaya zaidi: kosa halionekani, na aina hiyo hugeuka kuwa `any`, yaani chochote kinakubalika.

Namba za matoleo nazo husimama juu ya ahadi hiyo. Kanuni za Semantic Versioning zinadai kiolesura cha umma kitangazwe. Ukigeuza mpangilio wa dola na kiwango katika `badilishaBei`, umevunja ahadi, na toleo 2.4.1 huwa 3.0.0. Ukibadili jina la `kadiriaMia`, 2.4.2 inatosha.

Lakini ukiifanya ikadirie kwa hamsini? Jina ni la ndani, ila jibu la `badilishaBei` limebadilika na vitabu vya duka havilingani tena. Hilo ni badiliko la umma. Kwa hiyo andika “jibu hukadiriwa hadi mia iliyo karibu” juu ya `badilishaBei`, maana maelezo ya `kadiriaMia` mtumiaji hatayaona.