Chakula cha mchana cha wazee wa jeshi: anzia kwenye orodha, si kwenye sufuria

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni watu wa parokia, wa msikiti, vikundi vya akina mama, safari moja hata umoja wa vijana wa bodaboda, na ombi lao ni lile lile: "Afande, tunataka kuwapikia wazee wetu wa jeshi, tuanzie wapi?" Nilistaafu nikiwa sajinitaji, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia bwaloni, kwa hiyo wanategemea niwatajie kilo za mchele. Mchele tutafika. Mimi huwauliza kwanza mnamwalika nani.

Hapo wengi hukwama. Jibu la haraka ni "wastaafu wa JWTZ". Basi wanawaendea viongozi wa MUWAWATA, ule muungano wa wanajeshi wastaafu, wanapewa majina, wanaridhika. Majina hayo ni halali kabisa. Lakini hapa kwetu Mara ukiishia hapo umewaacha nje watu wengi waliobeba bunduki, na watakuja kusikia kwamba kulikuwa na shughuli ya mashujaa wao hawakuitwa. Hilo ni baya kuliko kutofanya shughuli yenyewe.

Kumbuka jinsi vita vya Kagera vilivyopiganwa. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alizungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia. Jeshi la wakati ule peke yake lisingetosha. Wakaitwa mgambo kutoka vijijini, wakachukuliwa vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Mtu aliyekuwa na shamba la pamba Bunda, Januari yuko Mutukula, mpakani mwa Uganda. Kampala iliangushwa Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni vikosi vyetu vilikuwa vimefika mpaka wa Sudan. Vita vilipokwisha, mgambo wengi walirudi kwenye pamba yao. Hawakuwa askari wa kudumu, hawana kitambulisho cha kustaafu, hawamo kwenye daftari la chama chochote. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule amezaliwa 1958. Hesabu mwenyewe umri wake leo.

Watu hao huwapati ofisini. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, nenda kwa mabalozi wa nyumba kumi, na zaidi ya wote waulize bibi wa kijiji: nani hapa alikwenda kumpiga Amin? Watakutajia mpaka waliokufa na mahali walipozikwa.

Nami najua swali linalofuata: tutajuaje kama si mwongo? Waongo wapo, hasa ikisikika kuna bahasha. Lakini usianze kwa kudai karatasi. Mzee mmoja aliletwa kwangu hana hata kipande cha cheti, na namba ya kikosi chake alikuwa ameisahau. Nikamwomba anieleze Lukaya, kule Uganda kwenye njia ya kwenda Kampala, palikuwaje. Akaweka viganja viwili mezani, akaacha nafasi nyembamba katikati: hapa barabara, huku kinamasi, na huku kinamasi. Akasema giza lilipoingia hukujua anayekuja mbele yako ni askari wa Amin, Mlibya au mwenzako, na aliyekuwa jirani yake alianza kuita majina ya watu wa kijijini kwao ili ajulikane kwa lafudhi. Nikaandika jina lake. Mtu aliyesimuliwa vita hukupa ushindi. Aliyekuwepo hukupa matope.

Zamani orodha ilianza na wazee wa KAR (King's African Rifles), lile jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sasa kizazi hicho tunaweza kusema kimekwisha. Jenerali David Musuguri, mtoto wa Butiama, aliingia KAR mwaka 1942, akaja kuiongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala, akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, na alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Wengi wa waliovaa kofia ile ya Kiingereza hawakuwa na umri wala jina kama lake, na hawakuitwa mezani na mtu yeyote.

Ongeza wajane. Hili silijadili. Na ongeza askari walioko kazini, maana kumbukumbu ya jeshi haikuishia 1979. Kuna vijana waliokwenda Anjouan, kule Komoro, mwaka 2008, kuna waliopigana na waasi wa M23 kule Kongo mwaka 2013, na kuna familia zilizopoteza watu wao Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki iliposhambuliwa karibu na Beni. Kijana wa namna hiyo ukimketisha na mzee wa Lukaya, hutahitaji mshereheshaji kwenye meza ile.

Hapo tunaingia kwenye kukaa. Jeshini kula ni kwa cheo: maofisa wana bwalo lao, masajini lao, askari wa kawaida wana mahali pao. Raia wanaoandaa shughuli hujaribu kuiga hilo, wanamweka kanali mstaafu kwenye sofa mbele na koplo nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni. Ushauri wangu ni tofauti. Mwenye cheo kikubwa kuliko wote mpe heshima yake mlangoni: apokelewe, jina na cheo vitamkwe sawasawa, na yeye ndiye aongoze kuingia. Baada ya hapo, meza zipangwe kwa walikopita. Waliokuwa kikosi kimoja wakae pamoja, madereva pamoja, wapishi na wauguzi pamoja. Nimewaona makanali wakiinuka wenyewe kwenye sofa kwenda kumfuata dereva wao wa zamani, kwa hiyo nafupisha safari.

Wafundishe pia vijana wa mapokezi namna ya kusalimia. "Shikamoo babu" ni adabu, hakuna kosa. Lakini mzee akishuka kwenye bajaji na nishani zake kifuani upande wa kushoto, mwambie "Jambo, afande!" kwa sauti ya kusikika, halafu mwangalie mgongo wake unavyonyooka.

Sauti ya kusikika nimeisema kwa makusudi. Wengi wao masikio yamekwenda. Ile mizinga na makombora yetu ambayo Waganda waliyaita Saba Saba iliwatisha adui, lakini waliokuwa wakiifyatua walisimama karibu nayo zaidi kuliko adui, na vizibo vya masikio wakati ule ni nani aliyekuwa navyo? Kwa hiyo spika zile kubwa za harusini ziacheni kwa harusi. Mtu mwenye masikio mabovu hahitaji kelele zaidi, anahitaji msemaji mmoja kwa wakati mmoja, anayemtazama usoni. Jenereta liwekwe mbali na ukumbi. Na maputo msiyaweke kabisa, hata kama mpambaji atasema yanapendeza kwa rangi za bendera. Puto likipasuka katikati ya watu hawa, utaona nani anaangalia wapi pa kujificha, na hilo hutalisahau.

Chakula sasa. Saa ya kula ndiyo kila kitu. Wazee wa umri huu wengi wana kisukari au presha au vyote viwili, na aliyechoma insulini asubuhi akitegemea kula saa sita na nusu, ukimchelewesha mpaka saa tisa sukari inashuka, anaanza kutoka jasho na kutetemeka, watu wanadhani ni hisia za kumbukumbu. Ndiyo maana saa nne watu wanywe chai ya maziwa na kitafunwa, hata kama wamesema wamekula nyumbani. Na saa sita na nusu sahani ziwe mezani, mgeni rasmi awe amefika au hajafika. Mgeni rasmi mmoja, simtaji, alituweka na njaa hadi alasiri kwa sababu alikuwa na kikao kingine. Tangu siku hiyo sharti langu la kwanza kwa wanaoniomba msaada ni hilo: wazee hawamsubiri mtu. Waislamu waliomo nao wapangieni nafasi ya sala ya adhuhuri baada ya kula.

Bufee sitaki kuiona. Kumpanga mzee wa miaka sabini na kitu kwenye foleni akiwa na fimbo mkono mmoja na sahani mkono mwingine si kumheshimu. Wapakuliwe, wapelekewe walipo, na wanaopeleka waulize, "Afande, nikuongezee?" Kwa huku ziwani watu watataka sato, na sato ni mzuri, ila kwa aliyepungukiwa meno na macho miiba ni hatari, mtoeni minofu jikoni. Mbuzi achinjwe na Mwislamu ili watu wote wale sufuria moja, achemshwe polepole mpaka nyama iachane na mfupa, na mchuzi uwe mwingi. Ugali wa muhogo na mtama uwepo, tena uwe wa kutosha, maana wali wa shughuli wataula kwa heshima tu halafu watatafuta ugali. Chumvi ipungue, soda ziwe chache, maji mengi. Mwenye kutaka bia yake moja sitamzuia, huyo ni mtu mzima na amelipia.

Hotuba zije baada ya kula, na ziwe fupi. Kwenye mnara wa mashujaa, siku yenyewe, Rais huweka mkuki na ngao, na pale ni mahali pa taifa. Mezani kwenu msiigize mnara. Ninachopendekeza ni kusoma majina ya waliofariki tangu mlipokutana mwaka uliopita, kisha watu wasimame kimya dakika moja, wasioweza kusimama wabaki wamekaa bila kuombwa radhi. Kama yumo mwenye ndugu aliyezikwa makaburi ya mashujaa ya Kaboya, kule Muleba, mpeni yeye nafasi ya kusema badala ya diwani. Wapo hapa Musoma ambao hawajawahi kufika kwenye kaburi la kaka yao, ni ng'ambo tu ya ziwa.

Kuhusu bahasha: mtu asipewe jukwaani mbele ya kamera. Nauli apewe mlangoni wakati wa kuingia, ili asikae akiwaza atarudije, na wajane wapewe khanga na kilichopo kwa mkono wa mama mwenzao. Asiyekuwa na sahihi aweke dole gumba bila kushangiliwa.

Kabla hamjaosha vyombo, chukueni ile orodha mliyoanza nayo na mhesabu wasiofika. Wengine watakuwa wamelala kitandani. Wapakulieni chakula kwenye hotipoti, mpeni kijana wa bodaboda majina na jina la balozi wa kila mmoja, na aondoke kabla ya saa kumi, kwa sababu barabara ya huko milimani jioni haifai na nyama ya mbuzi ikipoa mafuta yanaganda.