Homoni za mimea si zile za kuku

Ukitaja neno "homoni" hapa Dar es Salaam, mtu anamwona kuku wa kisasa. Juzi, Sinza, jirani yangu aliposikia kwamba seli za mimea ya dawa hukuzwa maabara kwa homoni, alijishika kifua: "Mwanangu, hizo dawa si zitawaotesha wanaume matiti?" Hapana, mama. Oksini na saitokinini ni homoni za mmea, hazina undugu na homoni zetu za uzazi. Isitoshe, alkaloidi, yaani kemikali ya mmea inayotafutwa kwa dawa, husafishwa kwanza ndipo iwe dawa.

Dhana inayoniuma zaidi, kwa kuwa hata wanafunzi wa sayansi wanayo, ni hii: homoni ikizidi, dawa inazidi. Mara nyingi huwa kinyume. Chukua vinka, lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano, lililojaa kwenye nyua zetu. Asili yake Madagaska, na ndilo chanzo cha vinkristini, dawa ya saratani ya damu kwa watoto. Zipe seli zake 2,4-D, oksini ya viwandani inayouzwa pia kwenye maduka ya pembejeo kuulia magugu. Zitaongezeka haraka, chupa ijae vibonge laini, vyeupe, kama machicha ya nazi. Pima alkaloidi sasa: ni haba. Seli imeambiwa ikue, na alkaloidi ni silaha ya mmea dhidi ya walaji. Jeni za kuitengeneza zimelazwa. Ondoa 2,4-D, ongeza saitokinini, na alkaloidi kama ajmalisini hupanda. Jasmoneti, homoni ambayo mmea huitoa ukitafunwa na wadudu, huziamsha jeni hizo pia.

Wakulima wa tumbaku wa Tabora hulifanya jambo hili shambani: wakikata kilele chenye maua, oksini ya kutoka juu hupungua, na mizizi hutengeneza nikotini, alkaloidi ya tumbaku, zaidi.

Wengine hudhani machicha yale yatatoa kila dawa. Vinblastini, dawa nyingine ya saratani itokayo kwenye vinka, huhitaji malighafi iitwayo vindolini, inayokamilishwa ndani ya seli maalumu za jani, na vibonge havina seli hizo. Ndiyo maana majani bado yanahitajika, takribani kilo 500 makavu kwa gramu 1 ya vinblastini.

Jirani yangu amepanda vinka karibu na bomba, na amekuwa akimchemshia mumewe mwenye sukari. Nimemsihi aache. Vinkristini hupimwa kwa miligramu, ikizidi huumiza neva, na sufuria haina kipimo.