Diski haikubeba mingi juu sahani ilikua kubwa

Juzi pale Luthuli Avenue fundi alikuwa amefungua diski ya kompyuta, sahani inang'aa kama kioo, jamaa kando yangu akasema ati siku hizi zinabeba vitu mingi juu wameongeza sahani. Hapana, si hivyo. Ile ya kwanza ya kampuni ya IBM, 1956, ilikuwa na sahani 50 za inchi 24 na ilibeba kama megabaiti 5 tu, yaani wimbo mmoja hivi!

Siri iko kwa kale kakichwa kadogo kwa ncha ya mkono, kanasoma sumaku bila kugusa sahani. Mwaka 1988 wanafizikia Fert na Grünberg waligundua kwamba tabaka nyembamba sana za metali hubadilisha ukinzani wa umeme (vile zinazuia umeme kupita) sana zikikaribia sumaku, lakini njia yao ya kuzitengeneza ilikuwa polepole na ghali, sasa Stuart Parkin, mwanafizikia Mwingereza pale IBM California, akatumia njia ya haraka, akajaribu metali moja baada ya nyingine hadi ikafaa kiwandani. Vichwa vya tabaka hizo, vinavyosoma hata alama ndogo sana za sumaku ndio vitu mingi vitoshee, vikaingia sokoni 1997. Nobel ya 2007 walipewa wale wawili, Parkin akapata tuzo ya teknolojia, Millennium Technology Prize, 2014, na mimi naona jina lake linafaa kutajwa zaidi.