Sanduku la mbao pekee halitunzi sigaa
Hapa Lubumbashi wazee wengi huamini kwamba sigaa, ile ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa, ikibaki katika sanduku lake la mbao haikauki, na kadiri miaka inavyopita ndivyo inavyozidi utamu. Nusu ya imani hiyo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu.

Mbao zenyewe ni nzuri. Huitwa mwerezi, lakini mti wake, Cedrela odorata wa Amerika ya kitropiki, ni wa jamaa moja na mkangazi wetu. Harufu yake hupatana na tumbaku, na sigaa zilizolala pamoja kwa miaka hupungua ukali taratibu. Ila mbao hupumua: hewa ya nje ikiwa kavu, unyevu wa ndani hutoka nao. Kule Cuba, nchi maarufu kwa sigaa, hewa ina unyevu. Kwetu, Julai na Agosti, hata midomo hupasuka. Mwezi wa nane nilifungua sanduku la mjomba wangu, jani la juu likavunjika kidoleni kama ganda la karanga. Iliniuma.

Kwa hiyo usizitoe sandukuni. Weka sanduku zima ndani ya chombo kikubwa chenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti ya kutunza unyevu, kipimo cha unyevu kisome asilimia 65 hadi 70. Kitambaa kilicholowa maji, ambacho wengine hukitumia, huleta ukungu. Joto libaki nyuzi 18 hadi 21; likipita 25, mayai ya dudu wa tumbaku huweza kuanguliwa, na Oktoba yetu hufika huko kwa urahisi.